Waya Moja Chini ya Meza: Kufunga Poti za Swichi Kabla Lupu Haijalaza Ofisi Nzima

Ijumaa moja saa nne na kitu asubuhi nilipigiwa simu na meneja wa sacco moja hapa Kisumu, ofisi yao haiko mbali na Oginga Odinga Street, akaniambia fundi neti imelala ofisi yote na wanachama wamejaa hapa wanataka pesa zao. Nikamuuliza mmezima ruta mkawasha, akasema mara tatu, na kampuni ya intaneti nayo imeangalia laini yao ikasema iko sawa. Na kweli laini ilikuwa sawa. Nilipofika nikakuta taa za swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, zote zinameta kwa pamoja, haraka haraka bila kupumzika, hata za kompyuta ambazo hakuna mtu amekalia. Ukiona taa ziko hivyo hauhitaji kifaa cha kupimia. Hiyo ni lupu, yaani waya umeunganishwa mpaka data inazunguka na kurudi ilikotoka.

Ilinichukua karibu masaa matatu kuipata. Chini ya meza ya mapokezi kulikuwa na kaswichi ka plastiki ka poti tano, yaani matundu matano ya waya, na kebo moja ilikuwa imechomekwa vichwa vyote viwili kwenye hako hako kaswichi. Mama wa usafi alisogeza meza afagie, akaona kichwa cha waya kimelala sakafuni, akakirudisha kwenye tundu lililokuwa wazi. Hakukosa. Mtu yeyote mwenye bidii na kazi yake angefanya vile. Kosa lilikuwa kule juu kwenye kabati la swichi kubwa, kwa sababu ile swichi ilikuwa na uwezo wa kuifunga hiyo poti kabla yule mama hajainuka kutoka chini ya meza, na tangu siku ilipofungwa hapo ukutani hakuna mtu aliwahi kuuwasha huo uwezo.

Hii kitu naiona kila mahali, Kisumu, Kakamega, Nakuru, mashuleni, hospitalini, hotelini. Swichi nzuri imenunuliwa kwa pesa nyingi halafu inatumika kama ekstenshoni ya stima. Kwa hivyo wacha nieleze polepole vile mambo yako, kwa sababu majina ya hizi kinga yanachanganya na nimekutana na mafundi wazuri kabisa wanaowasha moja wakidhani wamewasha ingine.

Kwanza lupu inaua neti aje? Wengi wanafikiri ni kama foleni, kwamba vitu vinakuwa pole tu halafu vinatulia. Havitulii. Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data kinachopita kati ya ruta, ina kihesabu ndani yake kinaitwa TTL, kila ruta inayoipitisha inapunguza moja, ikifika sifuri pakiti inatupwa. Lakini swichi haishughuliki na IP, inashughulika na fremu ya Ethernet, yaani bahasha inayobeba hiyo pakiti kwenye waya wa ofisi, na fremu haina kihesabu kama hicho, haizeeki. Sasa kompyuta ikitafuta printa inatoa brodikasti, yaani inauliza kila mtu aliye kwenye neti, na swichi inainakili hiyo fremu kwa kila poti isipokuwa ile iliyoingilia. Kama kuna mzunguko, nakala inarudi, inanakiliwa tena, inarudi tena. Chukua raundabauti ya Kondele, fikiria kila matatu inayoingia haina pa kutokea, na kila ikizunguka mara moja inazaa ingine. Sekunde chache tu hakuna gari linasonga. Tena kuna jambo la pili ambalo watu wanasahau: swichi inajifunza kompyuta gani iko poti gani kwa kuangalia anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa, ya aliyetuma, na kwenye lupu anwani ile ile inaonekana inatoka poti 3, mara poti 11, mara poti 3 tena, kwa hivyo hata trafiki ya kawaida isiyo brodikasti inapelekwa kusikofaa. Ukiingia kwa logi, kumbukumbu za swichi, ukakuta zimejaa malalamiko ya MAC kuruka kutoka poti moja hadi ingine, usipoteze wakati kupigia kampuni ya intaneti simu.

Mtu atauliza, basi si tusiweke njia mbili? Lakini njia mbili tunazitaka. Unaweka faiba mbili kati ya jengo la utawala na maabara kwa sababu siku moja mtu atakuja na jembe achimbe mtaro wa maji, na ukikaa na moja tu umekwisha. Ndio hapo spaningi trii inaingia, utaratibu wa swichi kukubaliana njia gani itumike na gani ifungwe. Ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 akiwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, ikawa standadi ya IEEE 802.1D mwaka 1990, na toleo la haraka, RSTP, likaja 2001. Wazo lake ni zuri sana kwa urahisi wake. Swichi zinatumiana ujumbe mdogo unaoitwa BPDU kila sekunde 2, zinachagua mmoja wao awe mzizi, kisha kila swichi inatafuta njia fupi ya kwenda kwa huyo mzizi na njia zilizobaki zinafungwa kwa muda. Waya uko, taa inawaka, lakini data haipiti. Njia kuu ikikatika ile ya akiba inafunguliwa. Kinachobaki wakati wote ni mti, na mti hauna mzunguko.

Uchaguzi wa mzizi unaenda na namba. Kila swichi ina kipaumbele, cha kiwandani ni 32768, na mwenye namba ndogo ndiye anashinda. Zikilingana inaangaliwa anwani ya MAC, ndogo inashinda. Shika hiyo, tutairudia.

Tatizo la spaningi trii ni kwamba inaamini kila anayebisha hodi. BPDU haina pasiwedi wala sahihi. Kifaa chochote kikichomekwa kwenye poti yoyote kikasema mimi ni swichi na namba yangu ni ndogo kuliko yenu nyote, kinakuwa mzizi, na neti nzima inajipanga upya kukizunguka. Na kinyume chake pia, swichi ikinyamaza, jirani yake anadhani njia imekufa anafungua ile iliyokuwa imefungwa, hata kama jirani hakufa, ametatizika koo tu. Kinga zote nitakazotaja hapa zinatibu haya mawili: kumwamini asiyestahili kusema, na kumdhania amekufa aliyenyamaza. Ukijua kila moja inatibu lipi hautachanganya majina tena.

Tuanze na poti za watu, yaani zile za ukutani, za kompyuta, printa, simu za mezani, mashine za kusoma kadi. Spaningi trii ya zamani poti ikiwashwa inakaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 ingine ikijifunza, jumla sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Kompyuta imeshawaka, imeomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za neti, haijajibiwa, imekata tamaa, na mtumiaji analia hakuna neti. Dawa yake Cisco waliiita PortFast, wengine wanaiita poti ya eji, kwamba hapa kuna kompyuta tu, fungua mara moja. Ni kitu kizuri na lazima uiweke. Ila elewa vizuri kwamba hiyo si kinga, ni ahadi. Umeiahidi swichi kwamba hapo hakutawahi kuchomekwa swichi ingine. Mama wa usafi hajui hiyo ahadi. Mwalimu aliyekuja na kaswichi kake ili wanafunzi wanane watumie tundu moja hajui pia.

Kinachosimamia hiyo ahadi ni BPDU gadi, na kama utachukua kitu kimoja tu kwa haya yote chukua hii. Kompyuta ya kawaida haitumi BPDU. Kwa hivyo BPDU ikiingia kwenye poti ya kompyuta kuna jambo limeharibika hapo, haijalishi ni gani, na gadi inaizima hiyo poti pale pale. Kwenye Cisco inaingia hali ya err-disable, taa inazimika, na mtu aliyechomeka ndiye wa kwanza kujua kuna shida, si ofisi nzima. Unaweza kuiwasha kwa poti zote za PortFast kwa mstari mmoja, spanning-tree portfast bpduguard default, na umemaliza. Kwa MikroTik, ambazo huku kwetu ziko kila kona, unaenda kwa poti ya briji, yaani swichi iliyo ndani ya kifaa, unaweka edge=yes na bpdu-guard=yes.

Hapa watu huniuliza swali zuri: kaswichi ka plastiki hakajui spaningi trii, hakatumi BPDU, sasa gadi itaonaje lupu iliyo ndani yake? Jibu liko kwenye jambo dogo. Poti yenye PortFast bado inatuma BPDU zake kila sekunde 2. Ujumbe unashuka kwa waya, unaingia kwa kaswichi, kaswichi kanaunakili kila upande kama brodikasti yoyote, unazunguka kwenye ile kebo iliyochomekwa pande mbili, unarudi juu kwa poti ile ile uliyotokea. Swichi kubwa inaona BPDU imeingia kwenye poti ya kompyuta, inaifunga. Nilijaribu na kale kaswichi ka ile sacco baadaye, poti ilikufa kabla sijamaliza kuinua kichwa.

Lakini si vyote viko hivyo. Anwani ambayo BPDU inaelekezwa, 01:80:C2:00:00:00, standadi inasema briji isiipitishe mbele, na kuna swichi za bei rahisi zinazofuata hilo bila kujua spaningi trii yenyewe, kwa hivyo zinaimeza BPDU na kuitupa huku brodikasti zingine zote zinazunguka. Hapo gadi ni kipofu. Ndio maana pembeni yake unaweka stomu kontroli, ambayo haiulizi nani ametuma, inapima tu brodikasti ngapi zinaingia kwa poti na kukata zikizidi. Kwa poti ya gigabiti asilimia 1 ni megabiti 10 kwa sekunde, na hiyo ni nyingi kuliko kompyuta moja inavyohitaji kwa kazi ya kawaida. Unaweza pia kuweka kikomo cha anwani za MAC kwa poti, tuseme tatu, kwa sababu lupu ikianza anwani za ofisi nzima zinaonekana kana kwamba zinatoka chini ya ile meza.

Sasa nisikize hapa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nimeona madhara makubwa zaidi. Kuna kitu kinaitwa BPDU filta. Jina linafanana na gadi, linakaa karibu nayo kwenye menyu, na fundi akichoka na poti inayojizima kila mara anaambiwa na mtu weka filta itatulia. Na inatulia kweli. Inatulia kwa sababu filta ikiwekwa kwenye poti yenyewe inaacha kutuma BPDU na inapuuza zinazoingia, maana yake umezima spaningi trii kwa hiyo poti. Ni kama mtu king'ora cha moto kinampigia kelele, anakata waya wa king'ora. Lupu ikija hapo hakuna kitu kitaisimamisha. Ukiiwasha kwa swichi nzima badala ya poti inakuwa na akili kidogo, ikipokea BPDU inajiondoa na poti inarudi kuwa ya kawaida, lakini mimi bado sioni sababu ya ofisi ya kawaida kuitumia. Filta ina kazi pale neti mbili za wenyewe tofauti zinapokutana na hakuna anayetaka mti wa mwenzake, na hapo huwa ni watu wanaojua wanachofanya. Poti ikijizima tena na tena, panda ngazi uende uone kimechomekwa nini. Mara nyingi utakuta ni ruta ya MikroTik mtu ameleta aitumie kama Wi-Fi, na briji ya ruta hizo ina RSTP tangu kiwandani, inatuma BPDU bila kuombwa.

Turudi kwa ile namba ya 32768. Kuna chuo kimoja Nakuru waliniita wakisema neti ya jengo la pili ni ya kobe, lakini si kila siku, ilianza tu mwezi ule. Nikatafuta mzizi ni nani nikaupata maabara ya kompyuta, swichi kuukuu ya megabiti 100 iliyotolewa stoo kuongeza nafasi. Hakuna aliyewahi kuweka kipaumbele, zote zilikuwa 32768, kwa hivyo uchaguzi uliamuliwa na MAC, na mara nyingi swichi ya zamani ndiyo ina MAC ndogo. Kwa hivyo mzee wa stoo ndiye alikuwa mwenyekiti, faiba nzuri ya gigabiti kati ya majengo mawili ilikuwa imefungwa kama njia ya akiba, na trafiki yote inapitia maabara. Hakukuwa na lupu wala taa za kutisha, neti ilikuwa inafuata sheria zake vizuri kabisa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua mzizi mwenyewe: swichi kuu ipe 4096, msaidizi wake 8192, namba zinaenda kwa hatua za 4096. Ya pili ni ruti gadi, inayowekwa kwenye poti zinazoshuka kwenda swichi ambazo hazifai kuwa mzizi kamwe. Tofauti yake na BPDU gadi ni hii: ruti gadi haikatazi BPDU, huko chini kuna swichi halali na zinaruhusiwa kuongea, inachokataza ni BPDU inayojidai kubwa kuliko mzizi wa sasa. Ikija, poti inafungwa, na zile BPDU zikiacha kuja poti inajifungua yenyewe bila fundi. MikroTik wanaiita restricted-role. Kwa kile chuo ningekuwa nimeiweka mapema, ile swichi ya stoo ingekatwa siku ya kwanza na maabara ndiyo ingelalamika peke yake.

Hizo zote ni za kumwamini asiyestahili. Upande wa pili, wa aliyenyamaza, una lupu gadi, na huku magharibi inatuhusu sana kwa sababu tunaunganisha majengo na midia konvata, vile vibox vidogo vya kugeuza faiba kuwa kebo ya kawaida. Faiba ina nyuzi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Uzi mmoja ukikatika, panya ama jembe, konvata nyingi bado zinawasha taa upande wa swichi kana kwamba kila kitu kiko sawa. Swichi iliyokuwa imefunga poti yake ya akiba inaacha kusikia BPDU, inangoja, kwa RSTP ni BPDU tatu kukosekana, yaani sekunde 6, kisha inasema basi njia ile imekufa, inaifungua poti. Na njia haijafa, inapitisha upande mmoja. Lupu imezaliwa na hakuna mtu amegusa waya wowote. Lupu gadi inasema poti iliyokuwa ikisikia BPDU ikiacha kusikia isifunguke, ifungwe mpaka isikie tena. Inawekwa kwenye poti za swichi kwa swichi, si za kompyuta, na haikai pamoja na ruti gadi kwenye poti moja. Cisco pia wana UDLD, ambayo inapima kama waya unaongea pande zote mbili, na nikipata swichi za Cisco kila upande wa faiba naweka zote mbili.

Kama unaona haya ni mambo madogo ya maofisi, Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston kule Marekani, ilikaa karibu siku nne bila neti ya kutegemea, madaktari wakarudi kwa karatasi, na chanzo kilikuwa spaningi trii kwenye neti iliyokua kipande kwa kipande mpaka ikapita swichi saba za mfululizo ambazo saa za spaningi trii zimepangiwa. Hospitali zetu huku nazo zinakua hivyo hivyo, wadi mpya, swichi mpya nyuma ya ile ya zamani. Mimi huhesabu kila nikiingia.

Jambo ambalo mafundi wanabishana ni poti ikishafungwa ifunguliwe na nani. Cisco inaweza kuifungua yenyewe, unawasha errdisable recovery cause bpduguard, na muda wa kawaida ni sekunde 300. MikroTik inakutaka uizime poti na kuiwasha kwa mkono. Mimi kwa ofisi yenye fundi ndani naacha ya mkono, ili mtu alazimike kwenda kuangalia. Lakini kwa kliniki iko huko Bungoma na mimi niko Kisumu, na kosa lenyewe labda lilisharekebishwa na nesi dakika ile ile, nawasha ya kujifungua. Kama lupu bado iko poti itafungwa tena baada ya sekunde chache, na itaendelea hivyo kila dakika tano, wengine hawatasumbuka sana. Ila lazima logi zitumwe mahali mtu anasoma, la sivyo hiyo poti itafunguka na kufungwa mwaka mzima na hakuna atakayejua.

Ukimaliza kuweka usiamini maandishi kwa skrini. Ngoja watu watoke kazini, mwambie mlinzi uko ndani, chukua kebo fupi uchomeke kati ya poti mbili za kompyuta, kisha leta kaswichi ka plastiki ukafanye vile mama wa usafi alifanya. Acha ping, ule ujumbe mdogo wa kuuliza uko hapo, inaenda kwa ruta kutoka kompyuta ingine. Ping isipokatika na poti zikizimika, andika namba za hizo poti kwa kadi ubandike ndani ya mlango wa kabati. Ping ikikatika, chomoa, rudi kwa mipangilio, na tafuta kama kuna filta mtu aliiacha.

Ile sacco nilirudi jioni ile ile nikaweka gadi kwa poti zote 24 isipokuwa mbili za kwenda juu. Kama miezi minne baadaye meneja akanipigia tena, nikashtuka kidogo. Akaniambia fundi, kuna meza moja hapa nyuma haina neti, wengine wote wanaendelea na kazi. Nikamuuliza nani amechomeka nini hapo. Akanyamaza, nikasikia anaongea na mtu, halafu akarudi akasema kuna kijana wa atachimenti ameleta ruta yake ya nyumbani.